Mwili Upo, Akili Imehama: Kuhusu Jeraha la Moyo na Njia za Kulitunza

Katika ibada za upande wetu wa mashariki kuna tukio ambalo karibu kila mzee wa kanisa amekwisha kuliona. Korali inaimba na ngoma zimepamba moto, au mvua ya ghafula inapiga bati za paa. Mama mmoja kwenye kiti cha nyuma ananyamaza. Macho yake yako wazi lakini hayatazami kitu. Ukimwita jina, haitiki. Baada ya dakika chache anateleza chini, viungo vimelegea kama vya mtoto aliyelala. Watu wanasogea, wengine wanaanza kukemea kwa sauti kubwa, mtu analeta maji na kummwagia. Akizinduka hakumbuki kilichotokea, ila anaona haya, na Jumapili inayofuata haji.

Sisi tunaohudumu katika nyumba ya usikilizaji tumempokea mama huyo mara nyingi, akiwa na sura na majina tofauti. Pengine ni kijana aliyetoka porini, pengine ni mtoto wa Ecodim, pengine, na hili husemwa kwa sauti ya chini, ni mchungaji mwenyewe. Tunaandika kwa ajili ya wachungaji, mashemasi, wamama viongozi, waalimu wa Ecodim na waongozaji wa korali, kwa sababu ninyi ndio mnaomfikia kwanza. Mtaalamu wa saikolojia yuko mjini. Ninyi mko pale sakafuni, pembeni ya mtu aliyeanguka.

Kumbukumbu ya moto na kumbukumbu baridi

Si kila huzuni ni trauma. Mtu aliyefiwa analia, anakonda, anakosa usingizi, kisha polepole maisha yanamrudisha shambani na mezani. Jeraha la moyo tunalolizungumzia hapa hutokea pale mtu alipokutana uso kwa uso na kifo, au na ukatili wa kingono, au alipoona wa kwake wakiuawa, na nguvu zake zote za kujiokoa zikashindwa. Watu wa Beni wanaijua hali hiyo tangu 2014, watu wa Rutshuru na Masisi wameikimbia zaidi ya mara moja, na wale wa Djugu na Fizi hawahitaji kufundishwa maana yake.

Wataalamu hueleza kwamba kichwa hutunza tukio kwa namna mbili. Kumbukumbu baridi inajua mahali, siku na mfuatano wa mambo: tulikuwa kijiji fulani, ulikuwa mwezi wa sita, kwanza waliingia kwa jirani, kisha kwetu. Kumbukumbu ya moto ni ya mwili: harufu ya petroli, kelele za mbwa, baridi ya udongo mgongoni, moyo kwenda mbio. Katika tukio la kawaida, kama arusi, zote mbili zimefungwa pamoja. Unaikumbuka furaha, na unakumbuka pia kwamba ilikuwa Bukavu, mwaka jana, na imekwisha. Katika trauma kifungo hicho hukatika. Moto unabaki peke yake, bila tarehe. Kwa hiyo harufu ya petroli leo, kwenye pikipiki inayompeleka sokoni, inauambia mwili kwamba washambulizi wako hapa sasa hivi. Kumwambia mtu asahau kwa sababu mambo yamepita hakumsaidii. Sehemu ile ya ndani haijapata habari kwamba yamepita.

Akili inapohama

Mnyama akivamiwa hukimbia, na akishindwa kukimbia hupigana. Lakini wote tumeona pia kuku aliye katika kucha za mwewe: halii tena, hapigi mabawa, amelegea kana kwamba amekwisha kufa. Binadamu naye ana ngazi hiyo ya mwisho. Maggie Schauer na Thomas Elbert wa Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani, waliieleza mwaka 2010. Hatari ikiwa imekwisha kuugusa mwili na hakuna njia ya kutoka, mapigo ya moyo na msukumo wa damu hushuka, misuli hulegea, maumivu hufifia, sauti hupotea, na mtu anaweza kuzimia. Huo ni ulinzi. Mwili unamfungia mtu mlango ili asiyasikie yote anayotendewa.

Shida ni kwamba mlango uliofungwa siku ile hujifunza kujifunga wenyewe. Miaka mitano baadaye, mlio wa bati unatosha. Hali hii ya akili kujitenga na mwili, na kumbukumbu, au na mahali ilipo, wataalamu huiita disosiasioni. Mfaransa Pierre Janet aliiandikia kitabu mwaka 1889, baada ya kuchunguza wagonjwa katika mji wa Le Havre, kwa hiyo si jambo lililobuniwa juzi na mashirika ya misaada.

Watu wetu wana maneno yao kwa hali hii, na ni mazuri kuliko ya vitabuni. Akili imehama. Nilikuwa najiona kutoka juu, kama mtu mwingine. Mikono hii si yangu. Mama mmoja anaweka sombe motoni na kuzinduka sufuria imeungua, saa nzima imepotea. Mwingine hasikii kisu kinapomkata. Mwingine anaeleza jinsi watoto wake walivyouawa kwa sauti kavu, kama anayesoma matangazo ya kanisa, na majirani wanasema ana moyo mgumu. Kwa mtoto, mara nyingi dalili ni utulivu. Mwalimu wa Ecodim anamsifu yule asiyesumbua, asiyecheza, anayekaa akitazama ukuta. Huyo ndiye tunayeomba mumwangalie mara ya pili.

Je, ni pepo?

Swali hili tunaulizwa katika kila semina, na hatulikwepi. Sisi ni watu wa kanisa. Tunaamini kwamba roho chafu zipo na tunaliamini jina la Yesu. Lakini Mathayo 4:24, mahali panapoorodhesha wagonjwa walioletwa kwa Bwana, panawataja wenye pepo na wenye kifafa kila kundi kwa jina lake. Sisi tumewatia wote katika kapu moja, na gharama wamelipa wengine.

Mfikirieni mwanamke aliyeshikwa usiku na wanaume wengi. Leo analegea kanisani, na wanaume wanne wanamshika mikono na miguu, wanapaza sauti juu ya uso wake. Kwa mwili wake, tofauti iko wapi? Anajitenga zaidi, nasi tunasema pepo huyu ni sugu. Tumewaona pia waliofungishwa chakula siku nyingi ili wafunguliwe. Mwili wenye njaa na kiu huzimia upesi zaidi, kwa hiyo kuanguka kunaongezeka, na watu wanaona ni uthibitisho.

Maombi hatuyakatazi, nasi wenyewe tunaomba. Yafanyike kwa sauti ya chini, kwa ruhusa yake, na bila kumwekea mkono kama hajakubali.

Mtu akianguka au akikauka macho, amkaribie mtu mmoja tu anayemfahamu, mwanamke kwa mwanamke ikiwezekana. Wengine warudi vitini. Huyo mmoja apite mbele yake, si mgongoni, ajitaje na kumwambia mambo ya sasa: mama, ni mimi mama fulani, tuko kanisani, ni Jumapili, ni mchana, wanaotuzunguka ni ndugu zetu. Msimpige kofi, msimfinye, msimmwagie maji. Mpeni mwili wake kitu cha kuhisi: nyayo zikanyage sakafu, ashike jiwe lenye ukwaruzo, anuse ndimu iliyokatwa, anywe maji baridi kama anaweza kumeza vizuri. Akishaweza kukaa, akaze misuli ya mapaja na kukunja ngumi, alegeze, akaze tena, maana hiyo inasaidia msukumo wa damu kupanda. Kisha ataje vitu vitano anavyoviona. Sisi tunapenda kuuliza juu ya vikwembe: nani leo amevaa cha njano? Inachekesha kidogo, na kicheko kidogo hakidhuru. Kilichompata zamani msikiulize wakati huo.

Si kila kuanguka ni disosiasioni. Kifafa ni kingi hasa sehemu za mito yenye nzi wadogo weusi wanaoleta upofu wa mto, kama ilivyo Ituri. Malaria kali huwaletea watoto degedege. Sukari, upungufu wa damu na mimba navyo huangusha watu. Kama mtu amejing'ata ulimi, amejikojolea, ametetemeka viungo vyote, au ni mara yake ya kwanza kuanguka, aende kituo cha afya kabla hatujasema neno lolote juu ya moyo wake. Anayetetemeka alazwe kwa ubavu, asitiwe kitu mdomoni, na ikipita dakika tano watu wasingoje.

Kosa letu kuhusu ushuhuda

Miaka yetu ya kwanza tulifikiri kwamba kusema ndiko kupona. Tulikaa na kikundi cha wamama waliokimbia vita, tukamwomba kila mmoja asimulie mbele ya wenzake. Mmoja alisimulia vizuri, kwa mpango, bila chozi. Tukampongeza. Tukamwomba arudie Jumapili mbele ya wageni waliotoka mbali, naye akarudia. Usiku ule alitoka nyumbani bila kujitambua, akakutwa alfajiri karibu na mto, nyayo zimechanika.

Hakuwa amesimulia. Alikuwa amehama, na mdomo ulibaki ukiendelea na kazi. Hatukuwa na macho ya kutofautisha, na wageni walisema ibada ilikuwa nzuri.

Tangu hapo hatumwombi mtu ushuhuda wa mabaya aliyotendewa, iwe katika ibada, mbele ya wafadhili au mbele ya kamera, na tunawasihi wachungaji wasiombe. Tunajua ushuhuda ni kitu cha thamani kwetu. Anayetaka mwenyewe kusema, baada ya miezi ya kutunzwa, huyo hatumzuii. Lakini tunamwangalia akisema: je, anajua yuko wapi? Anaweza kusimama katikati ya sentensi, akanywa maji, akaendelea? Asiyeweza kusimama bado hajarudi.

Mikono inapotangulia mdomo

Ezekieli alipofika kwa wahamishwa kando ya mto Kebari alikaa kati yao siku saba akiwa ameduwaa, kama tunavyosoma katika sura ya 3. Baadaye ulimi wake ulifungwa. Na kazi anayopewa mwanzoni mwa sura ya 4 ni ya mikono: achukue tofali, achore juu yake mji wa Yerusalemu, auzungushie vita vidogo vya kuuhusuru. Hatumpi nabii jina la ugonjwa. Tunaona tu kwamba jambo lililokuwa kubwa mno kwa kinywa liliwekwa kwanza juu ya udongo, mahali ambapo watu waliweza kulitazama kutoka nje.

Ndiyo sababu tunatumia kamba, nyuzi, rangi na nyimbo. Kitu kilichoko mezani kina mpaka. Unaweza kukigeuza, kukifunika kwa kikwembe, kukiacha na kukirudia kesho. Tena mikono yenye kazi inahisi, na kuhisi kunamshikilia mtu hapa wakati akili inataka kuondoka.

Kamba ya maisha ndiyo tunayoitumia zaidi. Inatoka katika tiba ya kusimulia iliyotengenezwa na Schauer na Elbert pamoja na mwenzao Frank Neuner. Inahitaji kamba ya mita mbili au tatu, mawe makubwa na madogo, na maua. Mwanzo wa kamba ni siku ya kuzaliwa. Mtu anaikunjua taratibu, akiweka ua palipokuwa na jema na jiwe palipokuwa na baya. Sehemu ya mwisho haikunjuliwi, inabaki imeviringwa, kwa sababu siku zile hazijafika. Kila ua na kila jiwe hupewa jina fupi na mwaka. Mwaka usipojulikana tunatafuta alama: kabla ya volkano ya 2002, baada ya mtoto wa pili, wakati wa kuvuna maharagwe. Hapo kumbukumbu baridi inaanza kurudi mahali pake. Jiwe halifunguliwi siku hiyo. Linatajwa tu.

Watu wetu hawashangai kwamba jiwe linaweza kutunza habari, wamesoma Yoshua 4. Wanachoshangaa ni maua. Mama aliyefika akisema maisha yake yote ni vita aliweka maua matano kabla ya jiwe la kwanza: bibi yake, mbuzi aliyempewa na mjomba, ubatizo, jina alilopewa na rafiki, na mvua moja ambayo hakutaka kutueleza. Alikaa muda mrefu akiyatazama.

Kufungua mawe, moja baada ya jingine, kwa vikao vingi chumbani, ni kazi ya aliyefundishwa. Shemasi asiijaribu peke yake. Lakini kufundishwa hakumaanishi digrii. Mwaka 2013 jarida la kitabibu la Marekani, New England Journal of Medicine, lilichapisha utafiti uliofanyika vijijini huku mashariki mwa Kongo. Wanawake waliotendewa ukatili wa kingono walipata tiba ya kisaikolojia kwa vikundi, ya aina nyingine kuliko hii ya kamba, na waliowaongoza ni wasaidizi Wakongomani wenye miaka michache tu ya sekondari, chini ya usimamizi wa wataalamu. Wengi wa wanawake hawakujua kusoma, basi mazoezi yalirahisishwa ili wayakariri. Dalili zao zilipungua kuliko za wenzao waliopata msaada wa mtu mmoja mmoja peke yake, na miezi sita baadaye nafuu ilikuwa bado ipo. Kila tunaposikia kwamba kanisa la kijijini haliwezi kitu, tunautaja utafiti huu.

Wimbo nao una nafasi yake. Katika hospitali ya Panzi, Bukavu, iliyoanzishwa na Daktari Denis Mukwege mwaka 1999 chini ya jumuiya ya CEPAC, kuna mpango uitwao Healing in Harmony, wa shirika la Make Music Matter. Waliotendewa ukatili wanatunga nyimbo pamoja na mtaalamu wa saikolojia na mtengenezaji wa muziki, kisha wanazirekodi. Parokia haina studio, lakini ina korali na ina Zaburi. Zaburi za maombolezo zina njia: kumwita Mungu, kumlalamikia wazi, kuomba, na mara nyingi kumtumaini. Mara nyingi, si kila mara. Zaburi ya 88 inaishia gizani, na hakuna aliyeiondoa katika Biblia. Korali zetu zina nyimbo za shukrani tele, lakini za kulalamika ni chache mno. Tumewaona watu wakiweza kuimba pamoja jambo ambalo hakuna hata mmoja wao angeweza kulisema peke yake. Kitabu cha mafundisho juu ya majeraha ya moyo cha Margaret Hill na wenzake, kilichotolewa Nairobi mwaka 2004 kwa ajili ya makanisa ya Afrika, kinaweka utungaji wa maombolezo kati ya mazoezi yake, na parokia zinazotaka kuanza zinaweza kuanzia huko.

Kushona, kusuka, kufuma: huko Goma, HEAL Africa imewafundisha kushona wanawake waliokuwa wakisubiri operesheni ya fistula. Kwetu hata kutwanga sombe kumetufaa. Wamama wawili kwenye kinu kimoja, mchi ukipanda na kushuka, huzungumza mambo ambayo ofisini kwetu hayasemwi, tena bila kutazamana usoni. Tahadhari yetu ni hii tu: kikapu kikishapewa bei, mkono unaanza kuharakisha, na kikundi kinageuka kuwa mradi. Mradi ni mzuri, familia zinahitaji kula. Uwe na siku yake nyingine.

Kwa watoto, karatasi na makaa yanatosha. Usimpangie cha kuchora, na usimfasirie. Mwalimu anayeonyesha kidole na kuuliza kama huyu ndiye baba aliyeuawa amemrudisha mtoto motoni bila maandalizi. Mwambie: nieleze picha yako. Akisema ni ng'ombe, ni ng'ombe.

Wakati wa kumpeleka mbele

Anayesema anataka kufa, anayejikata, anayepotea usiku, anayesahau kumnyonyesha mtoto: hao wasiishie kwetu wala kwenu. Msindikizeni hadi kituo cha afya na kwa mtaalamu, na asiachwe peke yake njiani.

Aliyebakwa afike kwa muuguzi ndani ya masaa 72, kwa sababu dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI zina muda huo tu. Kikao cha wazee, maridhiano na familia, hata maombi ya mkesha, vyote vingoje. Na habari yake isiingie katika daftari la parokia. Tunajua ndoa zilizovunjika kwa sababu ya mstari mmoja ulioandikwa kwa nia njema na kusomwa na mtu asiyehusika.

Kuhusu mama wa kiti cha nyuma, kuna mambo madogo ambayo parokia inaweza kuyafanya Jumapili hii. Apewe nafasi karibu na mlango ulio wazi, mahali anapoona njia ya kutoka. Mwongozaji wa korali amwambie mapema ni wakati gani ngoma zitaanza. Mama mmoja akae pembeni yake akiwa na ndimu ndani ya mkoba. Akianguka na kuzinduka, asiulizwe mbele ya watu, na katikati ya wiki mtu aende kumsalimia nyumbani, amkute akiosha vyombo, achukue kitambaa na kumsaidia kufuta.